Njia ya Lori la Taka

Casilda aliambiwa ampitishe baba yake njia ya lori la taka.

Hakuambiwa kwa maneno hayo. Meya Rosaura alikuwa mtu wa maneno laini, na ni maneno hayo laini yaliyompa kiti. Alisema "barabara ya nyuma." Alisema "ile ya chini ya ukuta, kumetulia, kuna kivuli." Lakini katika mji wote wa Peñaluenga, kuanzia ngome kule kileleni hadi lango la chini, hakukuwa na mtoto asiyejua kwamba barabara ile ilichongwa ubavuni mwa mlima ili lori la taka lisikatize uwanjani na kuwatia wageni kinyaa. Kilichopita huko ni lori, paka, na walevi waliotafuta pa kukojoa.

"Rosaura," alisema Casilda, "baba yangu yupo chumba cha pili hapo. Hata hajapoa."

"Najua, shoga yangu. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Ningeweza kumtuma karani."

"Kwa hiyo nikushukuru?"

"Usinichukulie hivyo. Mimi na wewe tumekaa dawati moja."

Walikuwa jikoni, kahawa imepoa mezani. Mzee Saturio Lafuente alikata roho alfajiri ya Alhamisi hiyo, kitandani mwake, dirisha likiwa wazi kama alivyotaka. Wanawake wa mtaa wa juu walikwisha kumwosha na kumvika suti nyeusi aliyoivaa siku ya harusi ya Casilda, na sasa mwili ulipwaya ndani yake kama wa mvulana aliyeazima nguo ya kaka. Walikuja wote isipokuwa Primitiva, jirani wa ukuta kwa ukuta. Huyo hakuja, na hakuna aliyeshangaa.

"Mzikeni kesho asubuhi mapema basi, kabla soko halijafunguliwa," Meya alisema. "Au Jumatatu."

"Padri Wilmer ana vijiji kumi na moja. Nafasi aliyonayo ni Jumamosi saa sita mchana. Na Jumatatu, kwa joto hili la Agosti, nimweke wapi baba? Kwenye friji ya jibini?"

"Kuna chumba cha maiti kule mjini, chini. Kina ubaridi, kina maua, kina kila kitu."

"Alikataa. Alisema mlima huu hataushuka akiwa hawezi kuupanda tena."

Rosaura akashusha pumzi. Alikuwa amevaa beji ya Soko la Zama za Kale, ngao nyekundu yenye mnara, na aliishika-shika kana kwamba inamchoma. Kila Agosti, kwa siku tatu, kampuni moja kutoka Madrid iliukodi mji mzima: maturubai, mapanga ya bati, watu wa kumeza moto, nguruwe wa kuchoma, mikate myeusi ya kuuzwa ghali kwa sababu ni myeusi. Wageni walipanda kwa mabasi. Wenye nyumba zilizo tupu walizipangisha, na wasio na nyumba tupu walihamia kwa dada zao ili ziwe tupu.

"Jumamosi saa sita uwanja utakuwa umejaa pomoni," alisema Rosaura. "Watu elfu kadhaa. Watoto. Wewe unawakatizia na jeneza. Fikiria, Casilda. Wamelipa kuja kufurahi."

"Baba yako alipokufa, Rosaura, nani alishika jeneza mbele kushoto?"

Meya akatazama kahawa yake.

"Nakuuliza. Nani?"

"Mzee Saturio."

"Mama yako?"

"Mzee Saturio. Lakini haikuwa Agosti."

"Pole sana basi. Tungejua, tungemwambia asubiri Novemba."

Saturio alikuwa mwashi. Nusu ya kuta za Peñaluenga zilikuwa zimepita mikononi mwake, na karibu maiti wote wa mji walikuwa wamepita begani mwake, mbele kushoto, hata bega likashuka na mafundi nguo wakawa wanamuwekea pamba upande mmoja. Na kila maiti aliyembeba alimpitisha njia ileile. Mtu wa mji huu hutoka kwa mlango wake wa mbele, hushuka mtaa wake, huingia uwanjani, na jeneza hulazwa juu ya Jiwe, lile bamba refu lililo mbele ya nguzo za mahakama ya zamani. Hapo mtoto wake mkubwa humwombea msamaha kwa sauti, mbele ya watu. Yeyote aliyekosewa hujibu. Kisha mji hunyamaza, haulii, haukohoi, mpaka jeneza limepita langoni na kuelekea makaburini. Wazee waliamini kwamba jeneza la asiyesamehewa huwalemea wabebaji pale langoni. Vijana hawakuamini, lakini hakuna kijana aliyewahi kumpitisha mzazi wake kwingine ili kuhakikisha.

Na Saturio alikuwa na la kusamehewa. Jumatano jioni, akiwa bado na sauti, alimvuta Casilda kwa kidole.

"Unipitishe uwanjani. Na Primitiva awepo asikie."

"Si ungemwita tu, baba? Yupo hapo nyuma ya ukuta, tunamsikia akipiga chafya."

"Nikimwita atakuja kunitukana."

"Atakuwa na haki."

"Anayo. Ndiyo maana namwogopa." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Niliziba dirisha la mwanamke yule nikiwa najua, kwa sababu Mkuu wa benki alinilipa nimjengee ghala pale mbele yake. Nikajua kabisa jua halitaingia tena jikoni mwake. Miaka thelathini anapika kwa taa. Wewe niombee. Mimi sina uso."

Hayo Casilda hakumwambia Meya. Alisema tu, "Jumamosi saa sita, mlango wa mbele." Akaondoa vikombe mezani, na katika mji ule mwenye nyumba akiondoa kikombe chako kabla hujakimaliza, umefukuzwa.

*

Tatizo lilikuwa mabega.

Jeneza lilihitaji wanaume sita, kwa maana mtaa wa juu ni ngazi tupu, na gari la maiti haliwezi kupanda. Wakati wa baridi Peñaluenga hubaki na watu wa kuweza kukaa wote katika misa moja na viti vikabaki. Wanaume wenye nguvu walihesabika, na wote, kila mmoja, kampuni ya Madrid ilikuwa imewaajiri wawe askari wa mfalme. Eutimio, mumewe Casilda, alikuwa mkuki wa tatu kutoka kushoto. Alitia saini mwezi Juni, mkwe wake akiwa bado anakula mayai mawili asubuhi na kulalamika kuhusu chumvi.

Jumamosi asubuhi Casilda alishuka uwanjani akiwa amevaa nyeusi toka kichwani hadi viatuni. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya jua akamsimamisha. "Samahani, wewe ni mchawi? Wachawi wanapigwa picha wapi?" Casilda akampita.

Juu ya Jiwe walikuwa wameweka mbao zenye matundu, za kufungia wahalifu wa kale, na wageni walipanga foleni waingize vichwa na mikono wapigwe picha. Kando yake kulikuwa na jukwaa na maspika marefu kama makabati. Zumari na ngoma zilitoka humo bila kupumzika. Ng'ambo ya uwanja, chini ya turubai la mistari, Primitiva alikuwa ameketi nyuma ya meza yake ya jemu ngumu ya matunda, anayoiuza kwa vipande. Alimwona Casilda, akatazama kisu chake.

Bwana Borja, msimamizi wa kampuni, alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa na simu mbili.

"Kibanda namba ngapi?" aliuliza.

"Sina kibanda. Nina maiti."

Borja akaondoa simu moja sikioni.

"Nataka wanaume sita na hizo mbao zitolewe juu ya Jiwe. Na muziki uzimwe tukipita. Si muda mrefu. Tunashusha, tunaomba, tunaondoka."

"Mama, pole kwa msiba, kwa dhati kabisa. Lakini Meya ameniambia mmekubaliana njia ya nyuma."

"Meya amekubaliana na Meya."

"Mimi nina ratiba. Saa sita kuna gwaride la mfalme. Hao wanaume ndio gwaride lenyewe! Na mkataba unasema, anayevua mavazi kabla ya saa mbili usiku halipwi siku zote tatu. Sikuuandika mimi."

"Uliandikwa na nani? Na mfalme?"

Askari waliokuwa karibu wakacheka. Borja hakucheka. Eutimio alikuwa miongoni mwao, amesimama na mkuki wa plastiki na kofia ya bati, miguu imebanwa na soksi ndefu, moja nyekundu na moja njano. Alikuwa mtu mnene, na soksi zile hazikumwonea huruma.

"Mbao tutazisogeza," alisema Borja. "Hilo naweza. Mengine hapana."

Casilda akamgeukia mumewe. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na?"

Eutimio akawatazama wenzake: mwokaji mikate, mkwe wa mwokaji, wale ndugu wawili wachunga kondoo, na mpwa wa Primitiva. Fedha ya siku tatu zile ilikuwa ndiyo kuni za baridi, kila mmoja alijua. Mwokaji akakuna shingo chini ya kola ya bati.

"Mkataba unasema tusivue," alisema mwokaji polepole. "Hausemi tusitembee."

"Tutakwenda hivi hivi," alisema Eutimio.

"Hivi hivi vipi?"

"Hivi."

"Baba yangu abebwe na watu waliovaa soksi za kinyago?"

"Casilda." Eutimio alisogea karibu, akashusha sauti, jasho likimtiririka toka chini ya bati. "Ni soksi, au umbebe peke yako. Mimi pia naona aibu. Tazama matako yangu. Unadhani napenda?"

Casilda akamtazama. Akacheka kwa hasira, kicheko cha kwanza tangu Alhamisi, na papo hapo akajichukia kwa kucheka.

*

Walitoka kwa mlango wa mbele saa sita. Padri Wilmer alitangulia, Mkolombia mwembamba aliyekuwa na ubatizo sehemu nyingine mchana uleule na aliyependa watu wa mlimani kwa sababu hawakumtaka aimbe. Nyuma yake askari sita wa mfalme, jeneza mabegani. Mwokaji mikate ndiye aliyeshika mbele kushoto. Alijaribu kupitisha mkono chini kama Saturio alivyokuwa akifanya, kofia ikagonga ubao, akaisukuma nyuma. Kisha Casilda, peke yake mbele ya wanawake, kwa kuwa hakuwa na ndugu.

Mtaa wa juu ulikwenda vizuri. Milango ilikuwa imefungwa nusu kama inavyopaswa. Nyayo tu, na pumzi za wanaume kwenye ngazi. Kwa muda ule mfupi soksi hazikuonekana, au zilionekana na hazikuwa kitu.

Walipopinda kona ya kisima, watalii wa kwanza walikuwa wamekaa ukutani wakila soseji. Mmoja akasimama. "Ohoo! Njooni, njooni, inaanza!"

Simu zikainuliwa. Mtaa ukajaa simu. Kijana mmoja alikimbia mbele ya Padri akitembea kinyumenyume ili apate picha nzuri, na alipopata, akamwonyesha kidole gumba. Bibi mmoja wa mjini alimshika Casilda kiwiko na kumwambia, "Unalia vizuri sana, mwanangu. Umesomea wapi?"

Casilda hakuwa analia. Alikuwa ameuma meno.

Nyuma yake alisikia sauti ya mtoto: "Mama, humo ndani mna mtu kweli?"

"Hapana, mpenzi. Ni mdoli."

Basi wakaingia uwanjani, na uwanja ukapiga makofi.

Mji ule ambao haukuwahi kukohoa mbele ya maiti, ulilipuka makofi. Watu walipanda juu ya vibaraza. Askari sita walisita, Eutimio akasema "Twende, twende," na makofi yakazidi kwa sababu mkuki wa tatu amesema neno. Walifika kwenye Jiwe. Mbao zilikuwa zimesogezwa kweli, mtu mmoja bado kichwa kimo humo, akageuza shingo ili aone. Wakamlaza Saturio. Sauti ya zumari ikaendelea kutoka kwenye makabati yale.

Juu ya jukwaa alisimama mtangazaji, kijana mwenye kofia ya pembe mbili na njuga, na hakuna aliyemwambia lolote. Borja alikuwa kwenye simu. Kijana aliona jeneza, aliona askari wake, akafanya kazi yake.

"Mabibi na mabwana!" kipaza sauti kilinguruma. "Mbele yenu, maziko ya mkulima maskini aliyeuawa na tauni! Msisogee karibu, msije mkaambukizwa! Makofi kwa waigizaji wetu!"

Padri Wilmer aliinua mkono kuomba utulivu. Uwanja ukamwinulia mikono, wote, wakicheka.

Casilda akasimama kichwani mwa jeneza. Maneno aliyajua. Kila mtu huyajua, huyasikia tangu utotoni akidhani hayatamfikia. Akayasema kwa sauti yote aliyokuwa nayo:

"Mimi Casilda, mtoto wa Saturio Lafuente. Kama baba yangu alimkosea mtu wa mji huu, namwombea msamaha. Aliyekosewa anisikie."

Hakuna aliyemsikia. Hakujisikia hata mwenyewe. Aliona ng'ambo ya uwanja Primitiva amesimama nyuma ya meza yake, mkono nyuma ya sikio, amekunja uso, akimtazama midomo. Primitiva alikuwa amesimama! Alikuwa anajaribu kusikia. Na kati yao zilikuwa ngoma, njuga, makofi na tauni.

Kisha mtu mmoja, mwenye kaptura na miwani ya jua juu ya kichwa, akasogea kwa heshima kabisa na kurusha sarafu juu ya jeneza. Ikalia kwenye ubao, ikazunguka, ikalala juu ya msalaba. Akainua simu kupiga picha ya sarafu yake.

Casilda aliipiga ile simu kwa kiganja ikaruka hadi kwenye mfereji.

"We mama! Una wazimu?"

Hakumjibu. Alikwenda kibanda cha karibu, ambako divai iliuzwa katika vikombe vya udongo, akabeba mtungi mzima kwa mikono miwili. Muuzaji akamwachia, baadaye alisema hakujua kwa nini. Akapanda ngazi za jukwaa. Mtangazaji alimpisha, tena akamtangaza: "Na huyu hapa mjane mwenye huzuni! Anatuletea nini?" Nyuma ya pazia mtambo wa sauti ulikuwa wazi juu ya meza, taa zake zikipepesa. Casilda aliumwagia divai, taratibu, upande huu hadi upande ule, kama mtu anayemwagilia mche. Kukatokea mlio wa kukaangika. Moshi mwembamba. Kisha hakuna kitu.

Kimya kile kiliwafikia watu kwa awamu. Kwanza walicheka. Kisha waliona uso wake. Kisha mtu fulani akasema kwa sauti ndogo, "Yesu wangu, ni kweli," na neno likaenda toka mdomo hadi mdomo, na simu zikashuka, si zote.

Akashuka, akarudi kichwani mwa jeneza. Akaitoa ile sarafu kwa kidole, ikaanguka chini. Akayasema maneno tena, safari hii bila kupiga kelele.

Ng'ambo ya uwanja Primitiva alifuta kisu kwenye aproni, akakilaza mezani.

"Alinikosea," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu na ilifika kila pembe. "Aliniziba dirisha, mshenzi yule, na kila asubuhi alinisalimu kama vile hana habari. Miaka thelathini sioni ninachokoroga." Akavuta pumzi. "Nimemsamehe. Mchukueni."

Askari sita wakainama, wakainuka naye. Hakuna aliyekohoa mpaka langoni.

*

Jumapili alasiri, mabasi ya mwisho yakiwa yanashuka mlima, Meya Rosaura alibisha mlango. Alileta mikate mitamu ya sukari ndani ya kisanduku, imefungwa utepe. Eutimio alikuwa mezani, amevaa suruali yake mwenyewe, anakula maharage. Hakulipwa. Wote sita hawakulipwa: Borja aligundua kwamba mkataba ulikataza pia kuacha gwaride.

"Sikai," alisema Rosaura, akakaa. "Casilda, nakuja kwa wema. Kampuni ingeweza kwenda polisi. Mtambo ule ni wa bei mbaya. Na yule bwana wa simu ni wakili, unaona bahati yetu. Nimezungumza nao tangu jana, sijalala. Wako tayari kuyaacha yote."

"Yote?"

"Yote. Wanataka video fupi tu. Unasimama pale uwanjani, unasema ulizidiwa na uchungu, unaomba msamaha kwa kampuni na kwa wageni. Basi. Hata dakika haifiki."

Eutimio aliweka kijiko chini. "Na malipo yetu?"

"Yatalipwa. Na ile kazi ya kuondoa theluji, Eutimio, naona hakuna sababu isiwe yako tena baridi hii."

"Na kama hasemi?"

Rosaura akafungua mikono, viganja juu. Viganja vyake vilisema mengi kuliko yeye.

Eutimio akamtazama mkewe. Alikuwa mume mzuri, na waume wazuri pia huogopa baridi. "Casilda," alisema, "ni maneno tu. Baba amekwisha kupita. Amesamehewa. Sasa sisi tuliobaki..."

"Mwache amalize," alisema Casilda. "Rosaura bado hajamaliza. Angalia anavyoshika utepe."

Meya aliuachia utepe.

"Kuna jambo jingine, lakini ni jema. Zile picha za jana zimesambaa. Zimetazamwa huko nje hujui kiasi gani. Watu wameguswa, Casilda. Wanaandika wanataka kuja. Borja ana wazo, na mimi nimemwambia lazima kwanza tuiombe familia ruhusa, kwa heshima." Akalowesha midomo. "Mwakani, Jumamosi saa sita, wafanye maziko. Jeneza tupu, bila shaka. Jiwe, maneno, kila kitu. Na Primitiva ajibu kama alivyojibu. Borja anasema ile ya 'mshenzi yule' ni dhahabu. Wewe ungelipwa, Casilda. Ungekuwa wewe mwenyewe. Kila mwaka."

Nyuma ya ukuta Primitiva alipiga chafya.

Eutimio ndiye aliyesimama kwanza. Alifunga kisanduku cha mikate, akakirudishia utepe wake kwa vidole vinene visivyozoea, akakiweka mapajani mwa Meya. Kisha akaenda kufungua mlango na kubaki ameushikilia.

"Eutimio, fikiria theluji," alisema Rosaura.

"Naifikiria. Itaanguka tu."

Meya akasimama. Maneno laini yalikuwa yamemwishia, na bila hayo alionekana mtu mwingine, mdogo na mwenye chuki.

"Unajivuna, Casilda. Siku zote ulikuwa unajivuna. Mji huu ungekuwa magofu bila wale watu unaowadharau. Nani ananunua jemu ya Primitiva, wewe? Nakuuliza mara ya mwisho, na ukikataa mimi nanawa mikono: utaomba msamaha au hutaomba?"

Casilda alikuwa anaondoa vikombe mezani. Hakugeuka.

"Siombi," alisema. "Mtambo niliumwagia divai nikiwa na akili zangu zote, wala sikuzidiwa na kitu. Simu niliipiga kwa kuwa nilitaka kuipiga. Mwambie Borja, mwambie wakili, kaseme kwa kipaza sauti kama wamekipata kingine. Uchungu wangu msiufanye kisingizio. Siombi msamaha leo, siombi mwakani, siombi kwa malipo wala bure. Haya, nenda. Na upite njia ya mbele, sisi hatumtoi mtu kwa nyuma."